Mgonjwa na aulizwe, hata kama uji haulizwi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuseme juu ya ombi moja ambalo wahudumu wa wagonjwa wa saratani hulisikia karibu kila siku. Aghalabu hutolewa kwa kunong'ona, mlangoni, mgonjwa akiwa bado ndani anafunga vifungo: "Daktari, majibu tupe sisi. Mama usimwambie, atakufa kwa presha."

Anayeomba hivyo si mtu mbaya. Ni mtoto aliyeuza ng'ombe ili nauli ipatikane, au dada aliyefunga genge lake wiki tatu aje alale chini ya kitanda cha mgonjwa. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji: anapikiwa, anapozewa, analishwa. Ndivyo tulivyofundishwa kuuguza, na hakuna sababu ya kuyaonea haya mafunzo hayo. Lakini jina la ugonjwa si uji. Nani aambiwe, aambiwe kiasi gani, na nani awe karibu naye wakati huo, hayo mgonjwa lazima aulizwe, tena aulizwe mapema, kabla kinyama, yaani kipande kidogo cha mwili cha kupimwa, hakijapelekwa maabara.

Mjadala huu ukianza hugawanyika pande mbili. Wa kwanza husema kumficha mgonjwa ndiyo mila yetu na kumwambia ni uzungu. Wa pili, ambao mara nyingi ni mtoto aliyeko ng'ambo anayepiga simu kutoka Minneapolis au London, hudai mama aambiwe yote leo leo, kwa asilimia na kwa miezi. Wote wawili wanamsemea mtu ambaye yupo, anasikia, na hajaulizwa.

Tuanze na hilo la uzungu. Mwaka 1961 madaktari wa hospitali moja ya Chicago waliulizwa kama huwaambia wagonjwa kwamba wana saratani. Asilimia 90 walisema hupendelea kutowaambia. Mwaka 1979 swali hilo hilo liliulizwa tena, safari hii Rochester, New York, na asilimia 97 wakasema hupendelea kuwaambia. Ni miaka 18 tu. Katika muda huo matibabu yaliongezeka, wagonjwa wakaanza kudai haki zao, na neno lenyewe likaanza kutamkwa hadharani. Kwa hiyo kuficha hakukuwa kwetu peke yetu, na kusema hakutokani na rangi ya ngozi ya mtu.

Halafu mwaka 1995, Los Angeles, watafiti waliwauliza wazee 800, yaani 200 kutoka kila moja ya jamii nne, kama mtu mwenye saratani iliyosambaa aambiwe. Wenye asili ya Ulaya waliosema aambiwe walikuwa asilimia 87, Wamarekani weusi 88, wenye asili ya Mexico 65, wenye asili ya Korea 47. Watu wengi huisoma tarakimu ya mwisho wakahitimisha kwamba Wakorea hawataki kuambiwa. Isome tena. Arobaini na saba katika mia ni karibu nusu. Daktari anayemkadiria mzee wa Kikorea kwa kumtazama uso atamkosea mmoja kati ya wawili. Vivyo hivyo kwa anayemkadiria bibi wa Kimakonde, mzee wa Kimasai au mama wa Kipemba kwa kabila lake, dini yake au kanga aliyojifunga. Utamaduni unakueleza uulize vipi. Jibu analo mwenyewe.

Mwaka huo huo wa 1995 ulichapishwa pia utafiti uliofanywa miongoni mwa Wanavajo, wenyeji asilia wa Marekani, huko Arizona. Kwao, kumtajia mtu mabaya yanayoweza kumpata ni kuyaita. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi, maana sisi husema maneno huumba. Daktari anayemwambia mgonjwa wa namna hiyo "upasuaji huu unaweza kukuua" anadhani ametimiza wajibu wa kisheria, kumbe masikioni mwa mgonjwa ametoa laana. Dawa yake ni ndogo: iseme habari hiyo kwa watu wengine. "Wako wagonjwa ambao baada ya upasuaji huu hutokwa na damu nyingi, ndiyo maana tunaweka damu tayari kabla hatujaanza." Hatari imetajwa, na hakuna aliyetabiriwa kifo.

Tena mila yetu wenyewe inaelezwa vibaya. Mtu akifiwa akiwa mbali haambiwi kwa simu akiwa barabarani. Huambiwa, "Njoo nyumbani, hali ya mzee si nzuri." Akifika anakuta wakubwa wamekaa, anapewa kiti na maji, kisha mtu mzima anasema kwa sauti ya chini huku wengine wamemshika. Habari haikufichwa hapo. Ilipangwa nani aiseme, wapi, na mbele ya nani. Vyuo vingi vya udaktari leo hufundisha njia ya hatua 6 ya kutoa habari mbaya, iliyochapishwa mwaka 2000: andaa mahali pa faragha na ukae chini, uliza mgonjwa anajua nini, uliza anataka kujua kiasi gani, sema, pokea machozi yake, panga naye kinachofuata. Hatua ya kwanza bibi zetu waliijua bila chuo. Ndugu huiruka ya tatu. Madaktari wenye foleni ndefu nje huruka tatu za mwanzo kwa pamoja, wakasema wamesimama, mkono uko kwenye kitasa cha mlango.

Sasa tueleze kinachoharibika mgonjwa anapofichwa, kwa kuwa walio nje ya wodi hawakioni.

Kinaanza na neno. Ndugu wakikataza, mhudumu hutafuta neno la kupitia pembeni, na karibu siku zote neno hilo ni "uvimbe". Lakini uvimbe kwa Kiswahili ni kila kitu: jipu, goita, tezi, faibroidi. Mwanamke mwenye saratani ya shingo ya kizazi aliyeambiwa ana uvimbe humkumbuka jirani aliyekuwa na uvimbe, akanywa dawa za miti miezi minne na akasema umeisha. Naye hufanya hivyo hivyo. Anaporudi, ugonjwa uliokuwa unatibika kwa nia ya kupona umeshaingia kwenye kibofu. Huyu hakuwa mkaidi. Alifuata maana ya neno alilopewa.

Kisha lango. Ndugu kutoka mkoani husema wanampeleka mama Dar es Salaam "kuangaliwa tumbo". Gari linasimama mbele ya Taasisi ya Saratani Ocean Road. Anayejua kusoma husoma kibao. Asiyejua hujulishwa kwenye benchi, maana wagonjwa huulizana: wewe yako iko wapi? Sasa mama anajua, watoto hawajui kwamba anajua, naye anawaficha ili wasiumie. Wanalala chumba kimoja wiki tano, kila mmoja akimlinda mwenzake kwa kunyamaza. Alichokiogopa kila mtu kimekwisha kutokea, ila hakukuwa na mtu wa kumshika mkono.

Matibabu yenyewe nayo hayafichiki. Doksorubisini, ile dawa nyekundu ya kutibu saratani kwa dripu, hugeuza mkojo kuwa mwekundu siku moja hadi mbili. Asiyeambiwa anaona damu na hataki kurudi. Kubwa kuliko hilo ni homa. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu ya namna hiyo, chembe nyeupe za damu hushuka sana. Homa ya nyuzi 38 katika siku hizo ni dharura. Mgonjwa anatakiwa afike hospitali saa hiyo hiyo apewe antibiotiki za kwenye mshipa. Aliyeaminishwa kwamba alitundikiwa dripu ya kuongeza nguvu atadhani ni malaria, atanunua dawa mseto duka la dawa, atajifunika blanketi alale. Wako wanaofariki hivyo kabla hakujapambazuka, na si presha ya kuambiwa iliyowaua. Mwenye saratani ya titi anayetumia tamoksifeni anatakiwa ameze miligramu 20 kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Nani atameza kidonge miaka mitano kwa ugonjwa asioujua, hali amekwisha kujisikia mzima? Mwanamke wa miaka 35 anayepigwa mionzi ya nyonga, kwa kawaida mara 25 kwa wiki tano, hedhi yake itakatika na uzazi utakwisha. Hilo haliwezi kuwa jambo analoligundua mwenyewe miezi mitatu baadaye.

Kuna methali: mficha maradhi kifo humuumbua. Inamlaumu mgonjwa. Wodini, anayeficha mara nyingi siye mgonjwa.

Na siri yenyewe hailindiki. Jalada moja hupita kwa karani, wauguzi wa zamu tatu, maabara, famasi, wanafunzi, fundi wa mionzi. Inatosha mmoja wao asione maandishi "mgonjwa hajui". Madaktari hudhani wanajificha ndani ya Kiingereza na ndani ya herufi mbili za Ca, kifupi chao cha saratani. Wagonjwa waliolala wiki mbili wodini huzijua herufi hizo vizuri kuliko wanafunzi wa mwaka wa tatu.

Basi swali liulizwe lini? Kosa la kawaida ni kuuliza baada ya majibu kutoka. Ukimwita mtu na kumwuliza, "Je, ungependa kuyajua majibu yako?", umekwisha kumjibu, kwa sababu mwenye majibu mazuri haulizwi hivyo. Swali liulizwe siku ya kwanza, kabla ya kukata kinyama, na aulizwe kila mtu bila kuchagua, wakiwemo wale ambao kipimo kitaonyesha hawana kitu. Maneno yanaweza kuwa haya: "Mama, kipimo hiki majibu yake huchukua muda. Wako wanaopenda kuambiwa yote wao wenyewe. Wako wanaopenda kuambiwa wakiwa na mtu wao. Wako wanaosema mwambieni fulani, yeye atajua la kufanya. Wewe ungependa vipi?" Anza na "wako wanaopenda", usianze na "una haki ya". Mzee aliyekaa mbele ya koti jeupe akisikia neno haki, hudhani ameingizwa kwenye kesi.

Ulizia mahali ambapo ndugu hawapo, lakini usiwafukuze. Wakati wa kupima uzito au kumchunguza nyuma ya pazia kuna dakika mbili za faragha ambazo hazimkasirishi mtu. Kama Kiswahili chake ni cha sokoni tu, tafuta mkalimani asiye ndugu. Mjukuu wa miaka 12 asibebeshwe kumtafsiria bibi yake habari hiyo. Jibu liandikwe kwenye jalada pamoja na jina na simu ya mtu aliyetajwa. Halafu liulizwe tena kila njia panda: majibu yanapotoka, matibabu yanapobadilishwa, ugonjwa unaporudi. Watu hubadilika. Aliyesema "mwambieni mwanangu" mwezi Machi anaweza kutaka kusikia mwenyewe mwezi Juni.

Na yule ndugu wa mlangoni ajibiwe nini? Asikatazwe pale pale, wala asiahidiwe kwamba siri itatunzwa. Aketi, aulizwe: unaogopa nini hasa akiambiwa? Unadhani mwenyewe anajua nini? Alipofiwa na mumewe, nani alimwambia, na alipokeaje? Majibu yake yatakusaidia kumjua mgonjwa kuliko kipimo chochote. Ikiwa amewahi kujaribu kujiua, hapo ndipo utalijua, na utapanga tofauti. Kisha aambiwe mambo mawili, kwa mpangilio huu: hatutamlazimisha kusikia asichotaka kusikia, na akituuliza, hatutamdanganya. Ndugu wengi, wakihakikishiwa la kwanza, hulikubali la pili. Mara nyingi hushukuru, maana mzigo waliokuwa wanaubeba peke yao umepata wa kusaidia.

Lipo pia jambo ambalo watu hawapendi kulitaja, nalo ni fedha. Mwenye kulipa ndiye msemaji, na kikao cha ukoo kinaweza kuamua mama asikatwe titi, au baba asiendelee na dripu, kwa hesabu ambazo mgonjwa hazijui. Kikao si kibaya. Bila kikao hakuna nauli, hakuna wa kulala naye, hakuna wa kuangalia shamba. Kibaya ni kikao kinachokaa mgonjwa akiwa chumba cha pili. Tunashauri kikao kimoja kifanyike hospitalini: mgonjwa awepo kama ameridhia, msemaji wa ukoo awepo, daktari aeleze njia zote pamoja na gharama na idadi ya wiki za kukaa mjini, na mgonjwa awe wa kwanza kusema, kwa sababu mkubwa akishasema, wadogo huitikia. Anayetaka kumwachia kaka yake uamuzi ana haki kamili ya kumwachia. Huo nao ni uamuzi, ilimradi umetoka kinywani mwake.

Aliyechagua kutojua naye ana mipaka yake. Hawezi kukatwa titi, kutolewa kizazi, kukatwa mguu au kuwekewa mfuko wa choo tumboni bila kujua kwamba hicho ndicho kitakachofanyika. Jina la ugonjwa linaweza kuachwa. Kitakachofanyika kwenye mwili wake hakiachwi. Kwa anayekatwa kiungo aulizwe pia, kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, kiungo kikabidhiwe ndugu wakakizike au kibaki kwa hospitali kichomwe. Familia nyingi, za Kiislamu hasa, hutaka kukizika, na swali likichelewa kwa saa chache tu jibu haliwezekani tena. Na ugonjwa unaoweza kumpata mwingine, kama kifua kikuu, hauna hiari ya kutojua.

Uzee si sababu ya kumpita mtu. Mzee wa miaka 80 anayeweza kueleza kwa maneno yake ana nini, atafanyiwa nini, akikataa itakuwaje, na kwa nini amechagua hivyo, ana uwezo wa kuamua, hata kama uamuzi wake hatuupendi. Akiwa anachanganyikiwa, mhudumu atafute chanzo kabla ya kumfuta. Homa, upungufu wa maji, au kalisi (kalsiamu) iliyopanda kwenye damu, jambo linalotokea kwa baadhi ya saratani, huvuruga akili, na zikitibiwa akili hurudi. Mchanganyiko wa namna hiyo huja na kuondoka; aliyepotea jioni anaweza kuwa timamu asubuhi. Arudiwe asubuhi.

Wanaosafirishwa kutibiwa India wana tatizo jingine. Daktari anasema Kiingereza, mgonjwa anasema Kiswahili, na katikati yupo mtoto wake. Daktari anasema dakika tano, mtoto anatafsiri kwa sekunde kumi: "Anasema utapona." Daktari anaondoka akiamini ameeleza na mgonjwa amekubali. Swali la nani aambiwe nini liulizwe kabla ya safari, hapa nyumbani, na jibu liandikwe ndani ya barua ya rufaa.

Wako wanaosema haya yote ni sheria za watu wengine. Tamko la Lisbon la Chama cha Madaktari Duniani la mwaka 1981, kama lilivyorekebishwa Bali mwaka 1995, linampa mgonjwa haki ya kuarifiwa, haki ya kutoarifiwa akiomba hivyo mwenyewe waziwazi, na haki ya kuchagua nani aarifiwe kwa niaba yake. Linataka pia habari itolewe kwa namna inayolingana na utamaduni wa mahali. Hapo palipoandikwa "akiomba mwenyewe" ndipo pa kuwekea kidole. Na hapa jirani, Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu, faida, hatari na gharama, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Inaacha mwanya pale penye ushahidi wa kutosha kwamba kumwambia ni kinyume cha maslahi yake. Ushahidi wa kutosha. Hofu ya shemeji peke yake haifikii hapo.

Yapo pia mambo ambayo mgonjwa pekee ndiye anayeweza kuyamaliza, na yanahitaji muda ambao akifichwa anaukosa. Anayedaiwa anataka kulipa. Aliyegombana na nduguye miaka kumi anataka kuomba radhi. Mwislamu anayetaka kumwachia kitu mtoto wa kulea, asiye mrithi, anahitaji kuandika wasia, na wasia wake haupiti theluthi moja ya mali. Mkristo anataka padri au mchungaji angali anaweza kusema naye. Akiuliza "nina muda gani?", asipewe tarehe, kwa kuwa hakuna anayeijua. Aambiwe kwa kipimo kipana: ni miaka, ni miezi, au ni wiki. Kwa kipimo hicho mtu anaweza kupanga.

Ombi letu kwa hospitali na vituo vya afya ni dogo. Karibu kila jalada lina nafasi ya "ndugu wa karibu", na karibu kila mara hujazwa mapokezi kwa jina la aliyemleta mgonjwa, huku mgonjwa mwenyewe amekaa kwenye kiti cha magurudumu pembeni. Chini ya nafasi hiyo iongezwe mistari mitatu, ijazwe na muuguzi kwa maneno ya mgonjwa siku hiyo hiyo ya kwanza: Anataka aambiwe yeye, yeye pamoja na mtu wake, au mtu mwingine? Mtu huyo ni nani, na simu yake ni ipi? Ameulizwa tarehe gani, na ataulizwa tena lini?

Wako,
Wauguzi na madaktari wa tiba shufaa (huduma ya kuwapunguzia mateso wenye magonjwa mazito),
Dar es Salaam